Kofia ya Nkambo Anaclet

Kila siku baada ya shule, Émerance alikula ugali uliobaki, ambao kwao huitwa bukari, akaosha sahani, akachota maji, kisha akavuka njia ya vumbi jekundu kwenda kwa jirani yao, Nkambo Anaclet. Hakuwa babu yake wa damu. Katika mtaa wao wa Katuba, mjini Lubumbashi, watoto huwaita hivyo wazee wote walio na umri wa babu zao.

Mzee huyo alikuwa amefanya kazi katika treni zilizokwenda Sakania na kuvuka mpaka hadi Ndola. Huko ndiko alikojifunza Kiingereza. Sasa mke wake alikuwa amekufa, watoto wake walikaa mbali, huko Ndola, na simu zao zilikuwa za nadra. Mwaka uliopita kiharusi kilimpiga. Mdomo ukavutwa upande wa kushoto, maneno yakawa yanatoka polepole, na mate yakamtoka bila yeye kujua, hata akawa anashika kitambaa saa zote. Tangu hapo aliacha kwenda sokoni, akaacha hata kanisa.

"Bantu banaangalia mudomo yangu, habasikie maneno," alisema. Mtu aliyebaki kuongea naye alikuwa Émerance tu.

Shuleni, Mwalimu Paulin alifundisha Kiingereza kwa njia yake mwenyewe. Wanafunzi wawili wawili walitunga mazungumzo ya kuchekesha, wakayacheza mbele ya wenzao. "Neno ulilolichekea halitoki kichwani," alipenda kusema. Mazungumzo ambayo yangependwa zaidi yangechezwa siku ya sikukuu ya shule, mbele ya wazazi. Émerance na rafiki yake Sephora walitaka sana yawe ya kwao.

Nkambo Anaclet ndiye aliyewapa wazo.

"Mimi niko muuzaji," alimwambia Émerance. "Weye uko mununuzi. Haya, omba mukate."

"Good morning, sir. I want bread."

"Bread is finished."

"I want salt."

"Salt is finished."

"Soap?"

"Finished!" Mzee alipiga goti lake kwa furaha.

"Sasa, sir, what do you have?"

"I have a chair," mzee alijibu kwa heshima kubwa, akigonga kiti alichokalia. "Sit down, madam. Wait for the bread."

Walicheka mpaka mzee akakohoa. Na hivyo Émerance akayajua majina ya mkate, chumvi, sabuni na kiti bila kuandika hata neno moja.

"Nkambo, utakuja kutuangalia siku ya sikukuu?"

Mzee alijifuta mdomo. "Kule kuko bantu mingi."

"Mimi pia nitakuwa kule."

"Basi, kwa sababu ni weye, nitakuja." Akaingia ndani, akatoka na kofia yake ya reli. "Muuzaji asikose kofia. Uitunze."

Siku ya kujaribu darasani, mazungumzo yao yalichaguliwa kwa kura chache tu, na wenzao walicheka kidogo. Walipokuwa wakirudi nyumbani, Sephora alikuwa amekunja uso.

"Maneno iko muzuri, lakini habacheke sana," alisema. "Unakumbuka kwa kilio cha mzee Mwenya?"

Émerance alikumbuka. Mzee akifa kwao, wajukuu huvaa nguo zake, wakatembea kama yeye na kuongea kama yeye, na waombolezaji hucheka huku machozi yakiwatoka. Mjukuu wa mzee Mwenya alikuwa amevaa koti la babu yake, akawagombeza watu kama marehemu alivyozoea kuwagombeza. Watu walishika mbavu.

"Weye unamujua Nkambo Anaclet kuliko bote," Sephora akasema. "Fanya mudomo yake."

"Lakini atakuwepo."

"Si atacheka pia? Jaribu kidogo tu!"

Émerance alijaribu. Sephora akakaa chini katikati ya njia kwa kucheka. Tangu hapo Émerance hakumfikiria tena mzee. Alifikiria makofi.

Siku ya sikukuu, Nkambo Anaclet alifika amevaa shati ambalo Mama Bénédicte, mama yake Émerance, alikuwa amemnyooshea. Wakamkalisha mstari wa mbele. Kitambaa kilikuwa mkononi, lakini kichwa alikuwa amekiinua.

Émerance akatokea. Kofia ya reli kichwani, mdomo ameuvuta kushoto, kitambaa mkononi. Sephora akaomba mkate.

"Brrread... is... fi-ni-shed," Émerance akasema, akaacha mate yamtoke kidogo, akayafuta.

Watu wakalipuka kwa kicheko. Kwa chumvi walicheka zaidi. Kwa sabuni, hata Mwalimu Paulin, ambaye hakumjua mzee yule, alikuwa anajifuta machozi. Ndipo mama mmoja wa mtaani akasimama huko nyuma.

"Ee! Huyu muntu eko muzima! Munamufanyia kilio chake?"

Kicheko kikakatika upande mmoja, upande mwingine kikaendelea. Vichwa vikageukia mstari wa mbele. Nkambo Anaclet alisimama. Alifunika mdomo wote kwa kitambaa, akapita polepole katikati ya viti hadi mlangoni. Wasiojua walidhani naye yumo katika mchezo, wakampigia makofi.

"Maliza," Sephora alinong'ona. Neno lililobaki lilikuwa la kiti. Émerance hakuweza kulitoa.

Siku zilizofuata, mlango wa mzee ulikaa umefungwa. Akifungua dirisha tu, watoto wa njiani walipiga kelele, "Finished! Finished!" na kukimbia. Chakula alichopelekewa na Mama Bénédicte kilirudi bila kuguswa.

"Mama, uende umuombe musamaha kwa ajili yangu," Émerance alisema.

"Mimi? Mimi njo nilivaa kofia ya muntu muzima nikamugeuza marehemu?" Mama yake hakupandisha sauti. "Kofia iko pale. Miguu uko nayo."

Émerance alienda. Alibisha muda mrefu kabla mlango haujafunguka.

"Nkambo, nimerudisha kofia."

Mzee hakuipokea. "Vaa."

"Hapana, Nkambo."

"Vaa. Ulinifanya mbele ya bantu bote. Sasa niko peke yangu. Nifanye."

Aliivaa. Akajaribu kuvuta mdomo, lakini machozi yakamshinda. "Nisamehe, Nkambo. Nilitaka bacheke."

"Na balicheka." Mzee alijifuta. "Ungeniuliza, pengine ningekufundisha mimi mwenyewe namna ya kuuvuta. Tungecheka pamoja. Marehemu tu njo haulizwe, Émerance. Mimi sijakufa."

Akamvua kofia, akafunga mlango.

Kesho yake Émerance alisimama mbele ya darasa, akaeleza mtu yule alikuwa nani na yeye alimfanyia nini. Hakuna aliyecheka. Sephora aliinamisha kichwa. Mwalimu Paulin akasema, "Mimi ndiye mtu mzima, nami nilicheka bila kuuliza. Tangu leo, anayetaka kumwiga mtu aende kwanza kwa mtu huyo." Jioni hiyo mwalimu na Sephora walikwenda kuomba msamaha. Mzee aliwasikiliza dirishani, kisha akafunga dirisha.

Watoto wa njiani waliacha kupiga kelele, kwa maana Émerance alikaa kila siku kwenye ngazi ya mzee, na kila mtoto aliyefungua kinywa, Émerance alimfuata hadi kwao kumshtaki kwa wazazi wake. Wengine walimcheka yeye. Alivumilia. Mlango ulikuwa nyuma yake, umefungwa.

Mchana mmoja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, alisikia kiti kikiburutwa. Nkambo Anaclet alikuwa ametoka. Alikuwa amekonda. Alikaa, akaweka kofia ya reli juu ya magoti ya msichana.

"Ikae kwenu," alisema. "Bajukulu bangu ba Ndola habajue namna ninaongea. Siku ya kilio changu, weye njo utaivaa. Siku ile fanya mudomo, fanya mate, fanya yote, bantu bacheke sana. Hiyo ni kazi ya mujukulu. Lakini kama muntu eko muzima, kicheko chako kimuulize kwanza. Asipoitika, ukiache, hata kama mutaa muzima unangoja kucheka."

"Nimesikia, Nkambo." Émerance aliishika kofia kwa mikono miwili. Hakuivaa. Akauliza, "Nkambo, naweza kuomba mkate?"

Mzee aliitazama mvua. Hakurudi kanisani mwaka ule, wala sokoni. Lakini siku hiyo aliitika kwa kichwa.

"Good afternoon, sir. I want bread."

"Bread is finished," mzee akasema polepole, na hakuufunika mdomo wake.