Kisu Alichokisahau Eleuterio

— Wewe pita uwandani, mke wangu, kwenye jua. Magoti yako hayataki mizizi. Mimi napita msituni, tutakutana upande wa pili, kwenye zizi kuukuu, tule.

Kila vuli Eleuterio alisema hivyo hivyo, palepale njia inapogawanyika nyuma ya kanisa la Navaseca. Njia ni ya mviringo: nusu misonobari, nusu mabua ya shayiri. Upite kushoto, upite kulia, utarudi kwenye kengele ileile. Na kila vuli Casilda alipita uwandani peke yake, maana kule msituni ndiko Eleuterio alikookota uyoga wake, na mahali pa uyoga, kwa watu wa Navaseca, haonyeshwi mtu. Baba humnong'oneza mwana akiwa anakata roho. Mke hupewa kikapu akaoshe.

— Miaka yote hii, Lute! Nitamwambia nani?

— Hata padri simwambii, na dhambi zangu zote anazo.

— Kwa dhambi zako zilivyo, huenda padri husinzia.

Akacheka, akaenda zake. Casilda hakucheka. Alikuwa amechoka. Amechoka magoti, amechoka kuosha uyoga asiojua unakoota, amechoka kula meza moja na mtu mkimya kama kiti. Sanduku lake lilikuwa tayari chini ya kitanda. Dada yake wa mjini Valladolid alishamtengea chumba. Leo zizini, wakishakula, alitaka kumwuliza mumewe neno moja tu: nibaki au niende?

Hakufika mbali. Alipoingiza mkono mkobani kutafuta maji, kando ya kimanda cha viazi akagusa chuma. Kisu cha Lute.

— Mwanamume huyu angesahau kichwa kama kisingekuwa kimeshonwa shingoni, alisema, kwa ule upendo kiduchu uliobaki.

Maana uyoga ule haung'olewi, hukatwa. Akageuka, magoti na yote, akaingia msituni kumpelekea. Simu ikalia. Petra wa baa.

— Shoga, leo mtaniletea uyoga? Au nimwagize tena Obdulia?

— Obdulia yupi? Mjane wa mwoka mikate?

— Huyo huyo. Juzi kaniletea kikapu kizima, mnono kama wa mumeo. Mikono imemgeuka rangi ya chungwa kwa maji ya uyoga, mpaka kwenye viwiko.

— Obdulia hawezi kuona ng'ombe ndani ya kanisa, Petra. Uyoga ameuonea wapi?

Petra akakohoa.

— Mimi nauza mvinyo tu, shoga. Sijasema kitu.

Casilda akatembea polepole, vikombe vya kukingia utomvu wa misonobari vikining'inia mitini kulia na kushoto. Akasikia sauti kabla hajaona mtu. Sauti ya Lute, yule kiti, inatiririka kama mfereji!

— Hapa, kipenzi, inua majani taratibu. Hapa ndipo baba aliponileta. Tazama huu, umejificha kama bibi harusi!

Obdulia alikuwa amepiga magoti, kisu chake mkononi. Lute amemshikia kikapu.

— Umesahau kisu, Casilda akasema.

Kikapu kikaanguka.

— Casilda! Sivyo unavyodhani! Sijamgusa!

— Kweli, Bi Casilda, akadakia Obdulia. Amenibusu mara mbili tu, na moja ilikuwa shavuni.

— Mabusu chukua, shoga, yana harufu ya vitunguu. Lakini mahali pa uyoga, Lute? Mahali pa uyoga?

Lute akainamisha kichwa. Mwanamume wa Navaseca anaweza kukana busu. Hilo la uyoga halikuwa na utetezi.

Basi swali la zizini likajibiwa kabla ya kuulizwa. Casilda akachoma kisu kwenye kisiki, akatoa simu, akaandika kwenye grupu la kijiji, herufi moja moja, bila miwani:

"Uyoga wa Eleuterio uko hapa. Piteni kisima kikavu, kateni kulia kwenye msonobari wenye makovu mawili, inueni majani. Njooni na vikapu. Kisu kipo."

— Umetuma kwa nani? Lute akauliza.

— Kwa wote. Hata padri.

Mchana Casilda alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo cha basi, kando ya kanisa, viatu amevua, anamaliza kimanda chote peke yake. Sanduku Petra alishamletea. Kijiji kizima kilikuwa kikitoka msituni na vikapu vimejaa. Padri alikuwa wa tatu, kanzu ameipandisha magotini.

Mwisho kabisa, kutokea upande wa uwandani, akaja Lute. Kikapu kitupu.

— Wamemaliza, Casilda. Hata mmoja hawakuniachia.

— Pole.

— Na Obdulia amekwenda nao. Anasema pale pamekwisha, na mimi sina pengine pa kumwonyesha.

— Pole tena.

Akakaa pembeni yake, akatazama sahani tupu ya kimanda.

— Rudi nyumbani, mke wangu. Nitakuwa nazungumza. Kila siku.

Kama Casilda angeyasikia hayo asubuhi, angelia. Sasa alijaribu, machozi yakakataa. Nayo yalikuwa yamechoka. Akavaa viatu. Basi la Valladolid likasimama.

— Lute, njia yako ni ya mviringo. Zunguka weee, utarudi hapahapa. Hili langu, bwana, linanyoosha.