Ugonjwa Unaoishia Mlangoni

Katika nyumba ya mama mmoja fundi cherehani, siku haikuanza kwa jogoo bali kwa vifaranga. Mama akishaamka tu, aliwasha jiko la makaa uani, akalipepea mpaka moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu, kisha akalibeba kwa vitambaa viwili hadi kwenye stoo iliyokuwa nyuma ya nyumba. Humo ndimo vifaranga walimolala, juu ya maranda ya mbao. Binti yake wa mwisho alimfuata na ndoo ya maji safi na kopo la chakula.

Binti huyo aliitwa Sisimizi. Alikuwa mdogo wa umbo, hakai kitako, na akiona kitu kikubwa kuliko yeye ndipo hasa anapotaka kukibeba. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mtihani wa sayansi ulikuwa umekaribia.

Mama aliweka matumaini yake yote kwa vifaranga wale. Cherehani yake ilikuwa imezeeka, ikikata uzi kila mara, na wateja walikuwa wameanza kumkimbia. "Hawa wakikua wakaanza kutaga," alisema, "mayai yao ndiyo yatakayoninunulia cherehani." Kwa hiyo aliwalea kama watoto wachanga. Mtu aliyemuuzia alimwambia kwamba baridi ndiyo adui mkubwa wa kifaranga, na mama hakuwa mtu wa kumfanyia adui mzaha. Baridi ilipoingia, aliziba dirisha la stoo kwa magunia, akasokomeza mabaki ya vitambaa katika kila ufa wa ukuta, hata chini ya mlango, na jiko akaliacha likiwaka humo mchana na usiku. Sisimizi alimsaidia kwa moyo wote, akajisifu kwamba sasa hata mbu asingeona pa kupita.

Basi stoo ikawa na joto kuliko vyumba vyote, na Sisimizi akaipenda. Akirudi kutoka shule alijifungia humo na vitabu vyake, akakalia debe lililopinduliwa, akarudia masomo ya damu, moyo na mapafu huku vifaranga wakilialia pembeni. Lakini kila alipokaa humo, kichwa kilianza kumuuma. Maumivu yalitokea kwenye paji la uso yakagonga kama nyundo, kisha kichefuchefu kikafuata, na maneno ya kitabuni yakawa yanacheza mbele ya macho yake.

Mara ya kwanza alilalamika mezani, na kaka yake hakuiacha nafasi hiyo impite.

"Kichwa kinauma, au kimeona kitabu?" aliuliza. "Mbona ukiruka kamba hakiumi?"

Mama naye alicheka. "Mwanangu, uvivu una dalili nyingi. Jikaze, mtihani haumsubiri mtu."

Tangu hapo Sisimizi alikaa kimya. Akiumwa, aliumwa peke yake, na akiulizwa hali alijibu kwamba anajisikia vizuri. Alianza hata kuamini kwamba pengine kaka yake alisema kweli, kwamba kichwa chake hakikuumbiwa sayansi. Jambo hilo lilimchoma kuliko maumivu yenyewe.

Jumamosi moja asubuhi mama alifungua stoo akakuta baadhi ya vifaranga wamekufa. Waliobaki walikuwa wamejilaza, mabawa yametawanyika, midomo wazi. Waliojaribu kusimama walipepesuka wakaanguka. Mama aliwaita watoto wake kwa sauti ambayo Sisimizi hakuwahi kuisikia kwake.

Jirani yao, fundi baiskeli, alikuwa wa kwanza kufika. Mtaa mzima ulimwita Bingwa, kwa sababu kuanzia mpira hadi mvua hapakuwa na jambo asilolijua, na asilolijua alilisema kwa sauti kubwa zaidi. Naye alifuga kuku, upande wa pili wa ukuta. Alichungulia mlangoni, akaziba pua kwa kola ya shati, akatikisa kichwa.

"Pole sana, shemeji. Hiki ni kideri. Kiliwahi kunimalizia kuku wote."

"Hakuna dawa?" mama aliuliza.

"Kideri hakina dawa. Kina chanjo tu, na hawa wameshaugua. Wachinje wote sasa hivi tuwafukie. Ukichelewa kitaruka ukuta, na wangu watakwenda hivihivi."

Bingwa hakuwa mtu mbaya. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye alikuwa ameumwa kweli. Mama alimwinua kifaranga mmoja, akaona shingo yake ikilegea kiganjani. Akamrudisha chini, akasema, "Basi chimba, shemeji. Mimi nitaleta kisu."

Kaka alitumwa kumpigia simu daktari wa mifugo, ili mtaa ujue la kufanya. Sisimizi aliambiwa awaokote wale waliokuwa hoi kabisa, awatie kwenye kapu, awatoe nje. Aliinama humo stooni akiwaokota mmojammoja, na kabla hajamaliza, nyundo ileile ikaanza kugonga kwenye paji la uso wake. Alitoka akiyumba, akaliweka kapu chini, mahali penye jua na upepo, akaketi kando yake akalia.

Ardhi ilikuwa ngumu. Jembe la Bingwa liligonga mawe, na shimo lilikuwa bado halijapata kina. Sisimizi akiwa bado analia, alisikia kapu likikwaruzwa. Alichungulia ndani. Kifaranga mmoja, aliyekuwa ameshamhesabu kuwa maiti, alikuwa ameinua shingo. Mwingine alikuwa akidonoa ukindu wa kapu. Sisimizi alifuta machozi ili aone vizuri zaidi, na hapo ndipo alipogundua jambo jingine. Kichwa chake kilikuwa kimeacha kuuma.

Ni ugonjwa gani huu, alijiuliza, unaoishia mlangoni?

Alirudi akasimama kizingitini. Hakunusa kitu ila maranda na vifaranga. Kule pembeni jiko lilikuwa linawaka taratibu, makaa mekundu, moshi hakuna. Ghafla akaliona darasa lao, na mwalimu wa sayansi akipanga viti mbele ya ubao. Viti, alisema mwalimu, ni chembe nyekundu za damu. Wanafunzi waliokuja kukaa walikuwa oksijeni, wanabebwa kwenda kila pembe ya mwili. Kisha mwalimu aliwaita wavulana watatu wakorofi, akawaambia wakae na wasiinuke kwa lolote. Hao ni kaboni monoksidi, alisema, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha. Ikishakalia kiti, haiondoki upesi. Sisimizi alikuwa oksijeni siku ile, na alisimama bila kiti mpaka kengele ikalia.

Alikimbia kuelekea shimoni. Mama alikuwa amepiga magoti, kisu mkononi.

"Mama, usiwachinje. Hawana kideri. Ni jiko."

"Usinizidishie uchungu, mwanangu."

"Mama, hata mimi ninaumwa." Sisimizi aligusa paji la uso wake. "Kila nikikaa humo kichwa kinapasuka na ninataka kutapika. Nikitoka kinapoa. Na hawa kwenye kapu wamezinduka baada ya kutoka. Njoo uone."

Mama alimgeukia. "Umeanza lini kuumwa?"

"Tangu tulipoziba dirisha. Niliacha kusema kwa sababu mlinicheka."

Kaka, aliyekuwa amerudi na simu mkononi, alitazama chini. Mama aliweka kisu juu ya jiwe.

Bingwa aliegemea jembe lake. "Wewe mtoto, mimi nimefuga kuku kabla hujazaliwa. Jiko lile halina moshi hata kidogo."

"Moshi unaonekana, mjomba. Sumu yenyewe haionekani."

"Haionekani, hainuki. Sasa wewe umeijuaje?"

"Imenigonga kichwani," alisema Sisimizi. "Mjomba, naomba tuwatoe wote nje, huku kwetu, mbali na kuku wako. Shimo bado halijaisha. Ukilimaliza kabla hawajaamka, nitamshikia mama kisu mimi mwenyewe."

Mama hakusubiri jibu la Bingwa. "Watoeni," alisema.

Waliwabeba kwa makapu, kwa mabeseni, kwa viganja vya mikono. Kaka alilitoa jiko, kisha akayang'oa magunia dirishani kwa nguvu kana kwamba ndiyo yaliyomkosea. Vifaranga walilazwa kwenye mkeka juani. Mama aliketi mbele yao, mikono mapajani, midomo ikicheza bila sauti. Bingwa aliendelea kuchimba, ingawa alichimba huku akitazama nyuma, na shimo halikuongezeka kina.

Kwa muda hakikutokea kitu. Sisimizi alichuchumaa kando ya mkeka, akiwaza. Kama amekosea, atakuwa amempa mama matumaini ya uongo, na hilo lilikuwa baya kuliko kisu.

Kisha kifaranga mmoja akasimama. Akapepesuka, akaanguka, akasimama tena. Akafuata wa pili, na wa tatu, na baada ya hapo hapakuwa na haja ya kuhesabu, kwa kuwa mkeka mzima ulikuwa unachemka. Walilia, wakakanyagana, wakaanza kudai chakula kana kwamba wao ndio waliocheleweshwa. Mmoja alishika njia mpaka ukingoni mwa shimo lililochimbwa kwa ajili yake, akadonoa mdudu kwenye udongo mpya, akammeza. Bingwa aliweka jembe chini.

"Haya," alisema taratibu. "Shimo hili nitalipandia mpapai."

Mama alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Kaka alimbeba Sisimizi mabegani akamzungusha ua mzima, naye hakukataa, maana kuna siku ambazo mtu anastahili kubebwa.

Daktari wa mifugo alifika kwa pikipiki jua likiwa limepanda. Alikuwa mwanamke mwenye maneno machache. Alitazama kinyesi, akapima shingo na macho ya vifaranga, akampasua mmoja aliyekufa. Damu yake ilikuwa nyekundu ya kung'aa kupita kawaida. Akaingia stooni, akagusa vitambaa vilivyobaki katika nyufa, akatoka.

"Hakuna kinyesi cha kijani, hakuna shingo iliyopinda, hakuna anayekohoa," alisema. "Si kideri. Binti amesema kweli, ni sumu ya makaa. Ila wewe fundi, kideri unachokiogopa kipo kweli. Kuku wako wamechanjwa?"

Bingwa alikohoa kidogo, akaanza kueleza habari za mvua.

Daktari alimgeukia mama, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Vifaranga wametangulia kwa sababu ni wadogo na wanalala humo. Aliyekuwa anafuata ni huyu mtoto wako. Angesinzia tu juu ya kitabu, nawe ungedhani amechoka. Leo mpeleke zahanati wampime."

Mama alikishika kichwa cha binti yake kwa mikono miwili, akakibana kifuani, akakaa hivyo mpaka Sisimizi akaona haya mbele ya mgeni.

Zahanati walimkuta salama. Jioni ileile mama aliketi kwenye cherehani yake, kwa maana daktari alikuwa amewaeleza namna ya kulea vifaranga bila moto: kasha lenye maranda makavu, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa, na mfuniko mnene wa nguo, wenye matundu ya kupitisha hewa. Kazi ya nguo haikuwa ya kumfundisha mama. Alishona mfuniko wenye matabaka, laini kama godoro la mfalme, na cherehani ilikata uzi ilivyozoea lakini haikugoma. Dirisha la stoo likawekwa waya, likaachwa wazi upande wa juu. Vifaranga walikua. Walipokuwa mitetea walitaga kwa fujo, na baada ya miezi cherehani mpya ikaingia ndani ya nyumba kwa mlango wa mbele.

Na mtihani? Sisimizi alianza kusomea sebuleni, dirisha likiwa wazi, na kichwa chake kikagundulika kuwa kizima kabisa. Aliongoza darasa katika sayansi. Mwalimu alimwita mbele aeleze habari za jiko, na wavulana watatu wakorofi wakataka sifa kwa kuwa waliigiza vizuri.

Aliyeongea zaidi ya wote alikuwa Bingwa. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu watoe majiko vyumbani wasilale nayo, akieleza kaboni monoksidi kana kwamba ameivumbua yeye. Jumapili moja alileta majirani uani waone lile kasha la vifaranga. Mmoja wao akamuuliza mama, "Ulijuaje?"

Mama alimvuta Sisimizi karibu naye.

"Mimi sikujua," alisema mbele ya watu wote. "Mwanangu aliniambia anaumwa, nikamwambia ni uvivu. Mwili wake ulikuwa unasema kweli, nami nikaucheka. Watoto, nisikilizeni. Mwili ukikuambia jambo, liseme. Wakubwa wakikucheka, liseme tena. Hata akicheka mama yako mzazi, usinyamaze, rudia mpaka asikie. Nasi wakubwa, tukiambiwa na mtoto, kwanza tumsikilize, kucheka kutatusubiri."

Majirani waliitikia. Mama akainama, akamuuliza binti yake mbele yao wote, "Leo unajisikiaje?"

"Vizuri, mama," alisema Sisimizi, na safari hii alikuwa anasema kweli.