Miwani Nyeusi ya Désiré

"Huyu chofere alikuwa analala kwenye volani! Ekrani yetu haina kosa hata moja!"

Bandugu, aliyesema hivyo ni Désiré. Désiré wangu mimi! Mwanaume aliyebakiza siku chache aje kwetu na wazazi wake kuleta mali ya kunioa.

Na huyo "chofere", dereva aliyenyooshewa kidole, ni Mbuyi, yaya yangu, kaka yangu mkubwa wa tumbo moja! Amekaa pale na mguu wa plasta, anaangalia chini.

Nilishika kiti kwa nguvu nisimrukie Désiré palepale!

Naitwa Kiki. Nafundisha Kifaransa shule ya msingi, komini ya Kenya, si nchi, ni mtaa wa mji wetu. Baba yetu alikufa zamani. Ni Mbuyi aliyenisomesha, kwa kuendesha kamio, lori la kubeba shaba, mpaka Kasumbalesa mpakani. Siku ile bosi wake, Monsieur Clément, alituita familia ofisini juu ya ajali yake. Kosa likiwa la Mbuyi, anafukuzwa kazi na kesi inaenda tribinali. Gereza, bandugu!

Kisa ni hiki. Kamio zote zilifungwa ekrani, kioo cha ujumbe alichotengeneza Désiré, pembeni ya volani, ule usukani. Ofisi inatuma mesaji, ekrani inalia, chofere lazima asome, achague jibu, abonyeze. Asipojibu, inaendelea kulia, na ofisini wanasema amekataa amri.

Mbuyi alikuwa anakaribia foleni ya kamio kule mpakani. Ekrani ikalia. Akainamisha macho... Alipoyainua, mkia wa kamio ya mbele ulikuwa puani kwake!

"Nilikuwa nasoma mesaji yenu," Mbuyi akasema polepole.

"Uongo!" Désiré akamkata. "Tulipima!"

Akatoa miwani kwenye sanduku. Nyeusi, nene, inaning'inia waya. Akaeleza kwa majivuno yake yote: unaivaa ukitumia ekrani. Vioo vinafunguka kidogo, unaona. Vinafunga, giza. Lile giza ndio wakati macho yanatakiwa kuwa barabarani. Muntu akimaliza kujibu mesaji kwa kuchungulia hivyo tu, ekrani iko muzuri. Akishindwa, ekrani inaiba macho.

"Tulimpima chofere wetu kabla hatujafunga ekrani kwenye kamio zote. Alimaliza bila shida. Angalieni!"

Video ikaanza ukutani. Muntu amekaa kwenye kiti cha kamio, koti la kazi, kofia, miwani imefunika nusu ya uso. Vidole vinapita kwenye ekrani harakaharaka.

Bosi akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Mimi nikaangalia vile vidole... Kidole kidogo kimepinda. Kilibanwa na mlango nikiwa mutoto, hakikunyooka tena.

Mama yangu weee!

Ni mimi!

Nikakumbuka. Jumapili, nyumbani kwao Désiré. "Kiki chérie, mpenzi, nisaidie kidogo. Ni mchezo tu." Alinikalisha kwanza kwenye kanape na ekrani ileile mpaka vidole vikaizoea. Halafu tukatoka uani kwenye kamio ya baba yake, ya kwanza kufungwa ekrani. Akanivalisha koti na kofia, eti nisichafuke, halafu ile miwani, akanipiga video. Nilicheka, bandugu! Na nikampikia bukari, ugali wetu, na samaki!

Nikasimama.

"Désiré! Huyo chofere anaitwa nani?"

"Kiki, kaa chini. Haya ni mambo ya ufundi."

"Nauliza jina!"

"Hatutajagi majina..."

Nikaenda mpaka ukutani, nikaweka mkono wangu pembeni ya ule wa kwenye video. Kidole kwa kidole.

"Monsieur Clément, chofere wenu ni mimi! Sijawahi kuendesha hata baiskeli! Nasoma Kifaransa kila siku ya Mungu, na huyu alinizoesha kwanza. Mbuyi aliacha shule juu ya kunilea mimi, na ninyi munamuandikia mesaji ndefu za Kifaransa akiwa barabarani!"

Mulifikiri Désiré ataona haya? Hapana!

"Ana hasira juu ya kesi ya ndugu yake tu! Chofere yeyote angefaulu!"

"Basi avae mwingine! Sasa hivi!"

Machofere walikuwa wamesimama nyuma. Halafu mzee mmoja akakohoa, akaja mbele.

Bandugu... Papa Donat! Baba mzazi wa Désiré, chofere wa zamani kuliko wote pale.

"Nivalishe," akamwambia mwanawe.

"Papa, hapana, si weye..."

"Nivalishe, nimesema!"

Akakaa mbele ya ekrani. Mesaji ikalia. Mzee akasoma neno moja, giza. Akatafuta pale alipoishia, giza tena. Akabonyeza mahali pasipofaa. Akabonyeza tena, na ekrani inalia tu.

Mpaka bosi mwenyewe akasema, "Zima."

Papa Donat akavua miwani.

"Hata mimi hii ekrani ilishanitoa barabarani," akasema. "Nilinyamaza. Nilisema ni kazi ya mutoto wangu, nisimwaibishe. Désiré... kama ningekufa, ungekuja hapa kusema nilikuwa nalala?"

Hapo Désiré akalia mbele ya bantu wote. Na mimi sikumwonea huruma hata kidogo, nawaambia ukweli!

Ekrani zilitolewa kwenye kamio zote. Mbuyi anangoja mguu upone, kazi yake ipo.

Siku ya mali ikafika. Papa Donat akaingia peke yake na mbuzi. Si wa kunioa, wa kuomba msamaha. Akamkabidhi Mbuyi, yule ambaye angepokea mali yangu. Mbuyi akasimama na magongo yake, akapokea kwa mikono miwili. Wazee wawili... samahani, yaya yangu si mzee, lakini siku ile aliheshimika.

Désiré alibaki nje ya geti.

"Kiki, nilifanya vile juu yetu. Nilitaka tuishi vizuri."

"Uliazima macho yangu umfunge nayo yaya yangu," nikamwambia. "Sasa nimeyachukua, na yanakuona vizuri kabisa."

Nikafunga geti.

Bandada zangu, mwanaume akikuambia "chérie, nisaidie, ni mchezo tu", uliza kwanza mchezo wenyewe unamchezea nani. Mapenzi hayakatazi kuuliza.

Mbuzi tulimla pamoja na Papa Donat. Désiré alisikia harufu tu.