Miezi Aliyoihesabu Mirindi

Jumamosi moja ya Julai, saa sita mchana, duka la vyakula karibu na stesheni ya Auburn, Australia, lilikuwa limejaa watu hadi mlangoni. Nje upepo wa baridi ulikuwa ukikata masikio. Ndani, katikati ya wateja wenye makoti na vikapu, mwanamke mmoja alikuwa amefungua mlango wa friza na kuingiza kichwa ndani.

Aliitwa Mutanu. Alikuwa ametoka kwake Penrith kwa treni kuja kununua unga wa mahindi na nyama ya mbuzi. Amevaa koti la sufu la zambarau, sketi ndefu nyeusi na buti alizozing'arisha asubuhi. Dakika mbili tu kabla ya hapo alikuwa sawa. Kisha joto likaanzia kifuani, likapanda shingoni, likafika usoni, na jasho likaanza kumtiririka mgongoni kana kwamba amesimama kando ya tanuri.

"Mama, pole," sauti ya mwanamume ikasema nyuma yake. "Uko natafuta nini mule?"

Mutanu hakugeuka. "Samaki."

"Samaki iko kwenye frigo ingine. Hii ni ya bamia."

Akatazama. Kweli ilikuwa bamia tupu, pakiti juu ya pakiti. Alipogeuka alimkuta mtu mrefu, mweusi tititi, amevaa koti la rangi ya haradali, shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vilivyong'aa kuliko vyake. Alikuwa akijitahidi asicheke.

"Basi nataka bamia," Mutanu akasema.

"Ngapi?"

"Wewe ndiye mwenye duka?"

"Hapana. Mimi ni Mirindi. Nimetoka kwa mazoezi ya kwaya, nimekuja kununua fufu."

Mutanu akacheka, na joto likaanza kushuka. Mirindi alimbebea unga hadi stesheni. Kwenye jukwaa walisubiri treni pamoja, ikaja, wakaiacha ipite. Ikaja nyingine, nayo wakaiacha. Mirindi alikuwa mtu wa Bukavu, akaishi katika kambi ya wakimbizi Burundi miaka tisa kabla ya kuletwa Australia, na sasa aliendesha foklifti kwenye ghala moja hapo Auburn. Mutanu alikuwa Mkamba wa Machakos, muuguzi katika nyumba ya wazee. Alikuwa ameachana na mumewe zamani, na binti yake, Apondi, alikuwa anasoma chuo kikuu na kupanga chumba na wenzake huko Kensington.

Jioni hiyo hiyo simu ikalia.

"Bamia imeiva?" Mirindi akauliza.

"Sijui kuipika. Kwetu hatuli."

"Basi nakuja kukupikia."

Alikuja Jumapili iliyofuata na sufuria yake mwenyewe. Akaja tena na tena. Kufika Septemba, mswaki wake ulikuwa Penrith na nyasi za nyuma ya nyumba zilikuwa zikikatwa kila wiki mbili. Hawakuwa watoto, wala hawakujifanya watakatifu. Walilala chumba kimoja na Jumapili wakaenda kanisani wameshikana mikono. Mirindi alimwita "sheri", mpenzi kwa Kifaransa, naye Mutanu alimwita "Bwana Haradali", na wazee wa kanisa wakaanza kuuliza harusi ni lini.

Usiku mmoja Mirindi alimweleza habari za mkewe. Alifia kambini akijifungua. Mtoto naye, wa kiume, alitoka bila kupumua. "Nilimshika," alisema. "Alikuwa na vidole vyangu." Kisha akazima taa na hakuirudia tena habari hiyo.

Mutanu alipaswa kusema lake siku hiyo. Alijua hivyo. Alikuwa muuguzi kwa miaka ishirini na sita, na maneno yote alikuwa nayo. Mara ngapi amewaeleza wanawake wengine kwamba hedhi hukoma, kwamba si ugonjwa wala aibu? Lakini yeye alikuwa na miaka hamsini na Mirindi arobaini na sita, na Mirindi hakuwahi kumwuliza umri. Hedhi yake ilikuja mara ya mwisho wiki ya kwanza ya Septemba, ikaondoka kama mgeni asiyeaga. Akaona bora anyamaze kidogo kwanza.

Mwili haukunyamaza. Alilowesha shuka kwa jasho, akawa anaamka na kukaa bafuni hadi apoe. Kazini alisahau majina ya wazee aliowaogesha kila siku. Akanenepa kiunoni, gauni lake la kijani likakataa kufunga zipu. Akalia kwa sababu mkate umeungua. Na kitandani kila mguso ulikuwa maumivu, kwa hiyo akaanza kulala akimpa mgongo.

"Nimekukosea?" Mirindi alimwuliza asubuhi moja.

"Nimechoka tu."

"Sawa, sheri. Pumzika. Mimi nitaosha vyombo."

Akaosha vyombo, na alipokuwa akiviosha alikuwa anaimba. Mutanu alisikia ule wimbo na akashangaa. Mwanamume aliyekataliwa haimbi hivyo. Akaanza kufikiri kwamba kuna mwingine Auburn, msichana wa kwaya labda, mwenye kiuno.

Alijua ukweli Jumamosi moja ya Desemba, wiki mbili kabla ya Krismasi. Jua lilikuwa kali, Mirindi alikuwa nje na mashine ya kukatia nyasi, na simu yake ililia juu ya meza ya jikoni. Kwenye kioo ilikuwa picha ya Généreuse, dada yake mkubwa aliyebaki Bukavu. Mutanu akapokea ili amwambie asubiri.

"Ni wewe, mama?" Généreuse akasema, sauti imejaa furaha. "Afadhali nimekupata wewe. Uko nakula muzuri?"

"Nakula, dada. Asante."

"Kula sana. Na usibebe vitu vya uzito. Ile kazi ya kuinua wazee, acha. Sasa muko wawili."

Mutanu akaisogeza simu karibu na sikio.

"Asikufiche, ameniambia yote," Généreuse akaendelea. "Tangu Septemba anahesabu. Mama yetu analia kila siku ya furaha, anaomba Mungu asimchukue mbele ya kumuona. Miaka makumi nane na mbili, mama. Tumefanya hata ibada ya shukrani."

"Dada," Mutanu akasema polepole, "ngoja nimwite Mirindi."

Alitoka nje na simu mkononi, bila viatu. Mirindi akazima mashine. Alipoona simu na kisha uso wa Mutanu, alitabasamu kwa haya, kama mtu aliyeshikwa na zawadi kabla ya siku yake.

"Amekwambia," akasema. "Nilitaka useme wewe kwanza. Kwetu mwanamume hamuulizi mwanamke. Anangoja."

"Mirindi, mimi sina mimba."

"Nimehesabu. Miezi mitatu haujaona kitu. Unalia, unasikia joto, unatapika kwa harufu ya kahawa..."

"Sikutapika. Niliacha kahawa kwa sababu inaniletea jasho." Alijisikia anaongea kama anasoma faili la mgonjwa. "Hedhi yangu imekoma. Nina miaka hamsini. Si mimba, Mirindi. Ni mwisho wa mimba."

Simu ilikuwa bado hewani. Kutoka Bukavu sauti ndogo ilikuwa inasema, alo, alo. Mirindi akaichukua, akaikata, akaiweka mfukoni. Akasukuma mashine hadi mwisho wa uzio, akaigeuza, akamaliza safu zote zilizobaki mpaka nyasi zikawa sawasawa. Mutanu alisimama pale pale muda wote. Alipomaliza, Mirindi aliingia ndani, akachukua mswaki na koti lake.

"Ungeniambia," alisema mlangoni.

"Na wewe ungeniuliza."

Mirindi akatoka. Mutanu alisikia geti likifungwa.

Alimpigia simu siku tisa mfululizo. Iliita mpaka ikakata. Siku ya kumi aliacha. Krismasi Apondi alikuja kutoka Kensington, akamkuta mama yake amekaa mbele ya feni saa nane mchana na vazi la kulalia, hajachana nywele.

"Mama, umemwona daktari?" Apondi aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Kwa nini? Huu si ugonjwa. Bibi yako alipita hapa, na shangazi zako."

"Bibi alikuwa hapati usingizi. Wewe mwenyewe umeniambia. Miaka minne alikuwa hapati usingizi na watu wakasema ana mashetani."

Januari ilipoanza, Apondi alimpeleka kwa gari hadi kliniki na kukaa naye ndani asitoroke. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Hakucheka wala hakuharakisha. Alimwandikia vibandiko vya homoni vya kubandika ngozini mara mbili kwa wiki, na vidonge vya kumeza wakati wa kulala. Kuhusu maumivu ya kitandani alimpa krimu.

"Wengi hawaulizi kabisa," daktari alisema. "Wanavumilia, na ndoa zinavunjika kwa kitu cha kutibika."

Mutanu alitazama ile tyubu ya krimu mkononi mwake. Ilikuwa ndogo kuliko ya dawa ya meno.

Akafuata kila alichoambiwa. Akatembea kando ya mto Nepean kila asubuhi kabla ya shifti, kilomita nne, halafu sita. Akajiunga na kundi la wanawake wa rika lake waliokuwa wakiinua vyuma mara mbili kwa wiki, akapunguza sukari, akala dagaa na maziwa kwa ajili ya mifupa. Wiki ya tano alilala usiku mzima, akaamka shuka limekauka. Alikaa kitandani akiligusa, asijue amwambie nani.

Mirindi alipiga simu Aprili.

"Uko muzuri?" akauliza.

"Niko mzuri."

"Naweza kukuja?"

Walikutana Jumapili adhuhuri kando ya mto, kwenye benchi. Mutanu alivaa gauni la kijani; zipu ilifunga. Mirindi alikuwa na lile koti la haradali, lakini lilimpwaya. Alimtazama Mutanu kwa muda mrefu.

"Umependeza. Umekuwa kama siku ya bamia."

"Siku ya bamia nilikuwa nachemka."

Wote wawili walicheka, na kwa muda ilikuwa kama zamani. Mirindi akamweleza jinsi alivyokaa Auburn akifanya kazi mpaka Jumapili ili asirudi nyumbani kufikiri. Mutanu akamweleza kuhusu daktari na vibandiko, akamweleza hata kuhusu krimu, na Mirindi akainamisha kichwa.

"Nilifikiri haunitaki," alisema.

"Mimi nilifikiri una msichana wa kwaya."

"Msichana gani? Kwaya yetu ni wamama tu." Akatia mkono mfukoni, akatoa kisanduku kidogo, akakifungua. Pete ilikuwa nyembamba, na jiwe jeupe. "Mutanu, nimekusamehe. Tuoane."

Mutanu aliitazama pete. Aliitaka. Mwili wake wote mpya, uliolala vizuri na kutembea kilomita sita, uliitaka.

"Umenisamehe nini?" akauliza.

"Nimesema vibaya. Kifaransa kimeingia." Akamshika mkono. "Nataka kusema, imepita. Na Mungu anaweza yote. Mchungaji ameniambia tusikate tumaini. Kwa Biblia kuna wenye walizaa wakiwa wazee kupita wewe. Généreuse wamefunga siku makumi ine juu yako."

"Wamefunga nizae?"

"Ndiyo."

Boti ya wapiga makasia ilikuja, vijana wanane mmoja nyuma ya mwingine. Mutanu alingoja ipite.

"Mirindi, sitazaa. Wakifunga mwaka mzima sitazaa. Nikiolewa na wewe, kila mwezi utakuwa unanitazama. Nikilia kidogo, utahesabu. Nikiumwa tumbo, utampigia dada yako."

"Sitafanya."

"Basi niambie kitu kimoja. Niambie kwamba mimi hivi nilivyo, bila mtoto, bila muujiza, natosha. Sema tu, nitavaa hiyo pete sasa hivi."

Mirindi alifungua mdomo. Alikuwa mtu mkweli. Ndiyo sababu Mutanu alimpenda. Midomo yake ilitafuta lile neno, ikalikosa, na macho yakamjaa machozi.

"Nilimshika mikononi," alisema mwishowe. "Alikuwa na vidole vyangu. Kila siku nawaza mwingine atakuwa na vidole vya nani. Nakupenda, Mutanu. Hakuna siku sikupendi. Lakini siwezi kukudanganya."

"Najua."

"Nifanye nini?"

"Sijui, mpenzi."

Walikaa pale hadi kivuli kilipowahamia. Kisha wakatembea hadi stesheni wakiwa wameshikana mikono, kama watu wanaorudi nyumbani. Treni ikaja, na safari hii hakuna aliyependekeza waiache. Mirindi alipanda, akasimama mlangoni, milango ikafungwa. Mutanu alipunga mkono kwenye kioo mpaka akawa anapungia watu asiowajua.

Julai alisikia kanisani kwamba Mirindi ameenda Bukavu kuoa. Binti wa miaka ishirini na tisa, walisema, mwalimu, ametafutwa na Généreuse. Mtu aliyemweleza alimshika bega kwa huruma, naye Mutanu akasema ni vyema, akauliza chai iko wapi.

Mwezi uliofuata alikuwa na miadi na daktari. Daktari alimpima shinikizo la damu, akasoma majibu ya damu, akaweka picha za mifupa kwenye kompyuta na kumgeuzia aone. Alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

"Mutanu, natamani wagonjwa wangu wote wawe kama wewe," alisema. "Moyo safi, sukari safi, mifupa imara. Unalala?"

"Nalala kwa saa nane kila usiku."

"Joto?"

"Limekwisha."

"Basi endelea hivyo hivyo. Ukiendelea hivi, sioni kwa nini usiishi miaka mingine arobaini."

Mutanu alishukuru, akachukua koti lake, akatoka. Kwenye gari alikaa na funguo mkononi. Nje kulikuwa na mvua ya Agosti, nyembamba, na watu walipita haraka wakiwa wawili wawili chini ya miavuli.

"Arobaini," alisema kwa sauti, kama anauliza.

Shifti yake ilianza saa tisa. Alifunga mkanda, akawasha gari, akaenda kazini.