Unga Uliokataa Kuumuka

Kila asubuhi Mama Mikate alikanda unga, akaufunika kwa kitambaa na kuuacha jikoni uumuke. Mtaa mzima ulijua mikate yake ilivyo laini. Mwenye mgahawa wa pale kona alichukua karibu yote.

Kisha wifi yake akahamia kwao. Huyu dada wa mumewe alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Aliketi jikoni akitazama tu, kimya. Mama Mikate hakumwamini hata chembe.

"Anatazama nini huyu?" alijiuliza. "Mtu mzima hakodolei unga macho bure."

Msimu wa baridi ulipoanza, akaanza kuficha beseni la unga. Alilipeleka stoo, akaliweka chini kwenye sakafu ya saruji, akafunga mlango na ufunguo akautia kifuani. Mikate ikatoka imelala, migumu ya kuvunja meno. Mama Mikate akaongeza kufuli la pili.

"Mama, huu nitamuuzia nani?" mwenye mgahawa akamuuliza. "Ukileta hivi tena, natafuta mwokaji mwingine."

Alirudi nyumbani roho juu. Akamwambia mumewe wazi: "Hapa pana mkono wa mtu, na mtu mwenyewe ni dada yako. Aondoke!"

Wifi alisikia. Akaanza kukunja nguo zake na kuzitia kwenye begi.

Kesho yake jirani yao, mwalimu wa sayansi, alikuja kununua mkate. Aliubonyeza, akaguna.

"Siku hizi unaumulia wapi?"

"Stoo. Nimefunga. Humu ndani mna watu, Mwalimu."

"Na baridi yote hii? Hebu nipe vikombe viwili."

Mwalimu alikata donge moja la unga nusu kwa nusu, akatia kila nusu kwenye kikombe chake. Kikombe kimoja akakiweka karibu na jiko, kingine stoo.

"Mtu asisogee," Mama Mikate akaonya, akimtupia wifi jicho. Akaketi katikati ya milango miwili, shingo ikienda huku na huku.

Baada ya muda, unga wa jikoni ulipanda mpaka ukafurika. Wa stoo ulikuwa vilevile.

"Mwalimu, huu umeuongezea hamira!"

"Mimi? Si ulikuwa unanilinda? Kilichoongezeka ni joto tu. Hamira ina uhai. Inakula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa gesi. Gesi hiyo ndiyo inayoinua mkate. Penye vuguvugu kazi hiyo huenda haraka, penye baridi huenda polepole. Lakini ukiiunguza kwa maji ya moto, inakufa. Hata maziwa, si huchacha upesi siku za joto?"

"Na nikizidisha hamira?"

"Utaumuka haraka zaidi, ila mkate utanuka. Bora usogeze beseni."

"Kwa hiyo hapakuwa na mkono wa mtu?"

"Ulikuwepo. Ule uliobeba beseni kulipeleka stoo."

Mama Mikate aliona aibu, akainamisha kichwa. Siku hiyo aliumulia jikoni. Mikate ikatoka laini, na mwenye mgahawa akaagiza na ya kesho.

Akaenda kubisha hodi chumbani kwa wifi yake.

"Wifi, nisamehe. Nimekushuku bure. Lakini ulikuwa unatazama nini?"

"Nilitaka kujifunza. Niliogopa kukuuliza."

"Basi fungua hilo begi. Kesho unakanda wewe."

Sasa wifi ndiye aliyemtazama kwa shaka. "Na usipoumuka?"

"Tutausogeza karibu na jiko."