Shanga Mia za Zamda

Njiku alisimama mbele ya darasa la tatu, akavuta pumzi, akasema kwa Kiingereza chake kipya, "I always wash my face."

Hewani mbele yake ukajitandaza uzi wa mwanga wenye shanga mia moja. Shanga zikaanza kuwaka kutoka kushoto: kumi, hamsini, sabini. Zilipofika themanini na moja zikakoma, na darasa zima likaangua kicheko.

"Njiku," mashine ikasema kwa upole, "katika kila siku mia, kuna siku kumi na tisa ambazo uso wako haukuona maji. Jaribu neno jingine."

Njiku akajikuna shingo. "I usually wash my face." Uzi wote ukageuka kijani, naye akarudi kwenye dawati lake akitembea kwa maringo, uso wenyewe ukiwa bado na alama ya uji.

Hiyo ndiyo Kipimamara, na aliyeiona ikifanya kazi hakuweza kuisahau. Kila mtoto wa shule ile ya Singida alivaa bangili-kumbukumbu mkononi. Bangili iliona na kusikia aliyoyafanya mtoto kutwa nzima: kula, kucheka, kugombana na dada yake, kusahau daftari. Mashine ilizigawa mara hizo kwa idadi ya siku, ikawasha shanga. Shanga zote mia zikiwaka, neno ni always. Themanini hivi, usually. Sitini, often; arobaini, sometimes. Chache za kuhesabu kwa vidole, rarely. Uzi ukibaki giza tupu, ni never, yaani hata siku moja. Wakati wa mazoezi watoto waliruhusiwa kuziwasha wenyewe kwa kuzigusa, na hapo ndipo walipopenda somo kuliko kwenda mapumziko.

Mwalimu Shango alikuwa amefundisha maneno hayohayo kwa miaka thelathini na moja, kwa chaki na kwa koo lake. Watoto waliyaimba vizuri sana, kisha wakatoka nje wakasema, "Always I am go to school." Alichoka kueleza kwamba Mswahili huweka "siku zote" mwanzoni au mwishoni apendavyo, lakini Mwingereza hulichomeka neno lake katikati, kati ya mtenda na tendo. Kipimamara ilipoletwa alinuna siku mbili nzima. Siku ya tatu alimsikia Njiku akikiri kwa Kiingereza fasaha kwamba yeye hufanya kazi za nyumbani mara chache sana, akasahau kununa.

Nyuma ya darasa alisimama mhandisi Tunu Kitundu, mama wa mashine hiyo. Alikuwa ameitengeneza kwa miaka tisa. Saa nne asubuhi hiyo kamati ya elimu ya mkoa ingefika kuijaribu, na sharti lao lilikuwa moja: kila mtoto ataje maneno yote sita kwa usahihi, kuhusu maisha yake mwenyewe. Akishindwa hata mmoja, Kipimamara haitapelekwa shule nyingine. Watoto walikuwa thelathini na wawili. Thelathini na mmoja walikuwa tayari.

Wa thelathini na mbili alikuwa Zamda, na ajabu ni kwamba huyo ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Maneno matano aliyataja bila kukwama. La sita lilikuwa rarely, na mashine ilimchagulia sentensi kuhusu baba yake kuzungumza naye. Kwa siku tano mfululizo Zamda alijibu, "My father always talks to me." Kwa siku tano ziliwaka shanga nne tu.

Baba yake alikuwa fundi wa Kituo cha Alizeti, mtambo mkubwa unaoizunguka dunia angani. Paneli zake hugeuka kulifuata jua kama alizeti za mashambani zilizoupa jina, na umeme wake hushushwa kwa mwali hadi Singida. Njia ya mawasiliano ilikuwa moja na mafundi walikuwa wengi, hivyo kila mmoja alisubiri zamu yake ya dakika nne. Katika siku mia tatu, baba Zamda alikuwa amepiga mara kumi na moja.

Tunu angeweza kuifuta sentensi ile na kuweka nyingine kwa dakika moja. Lakini huko kungekuwa kuidanganya kamati, naye hakuwa mtu wa hivyo. Saa mbili na nusu alimwita Zamda nje, wakaketi kwenye ngazi za darasa.

"Shikamoo, Anti."

"Marahaba, mwanangu. Niambie, baba huzungumza nawe mara ngapi?"

"Mara zote."

"Bangili inasema mara kumi na moja katika siku mia tatu."

"Ndiyo. Amepiga mara kumi na moja." Zamda alimtazama kama mtu anayemwonea huruma. "Bibi hushika simu kwanza, maana ndiye hukaa karibu nayo. Baba humwamkia, kisha humwambia, 'Mama, nipe Zamda.' Hata siku ile mawimbi yalipokuwa mabaya alisema, 'Nipe Zamda.' Hakuna hata mara moja aliyoniruka. Sasa hiyo si always?"

Miaka tisa! Tunu alikuwa ameijaribu mashine mara saba mbele ya maprofesa, na hakuna aliyeuliza swali hili la mtoto wa darasa la tatu: mara ngapi, kati ya mara zipi? Kipimamara iligawanya kila kitu kwa siku kwa sababu yeye aliiagiza igawanye kwa siku. Mtoto alikuwa akigawanya kwa simu. Mhandisi aliona aibu, na papo hapo akaona furaha kubwa, maana hakuna kinachomfurahisha fundi kama kosa lililojionyesha.

"Lakini rarely unalijua," akasema.

"Nalijua."

"Na unajua kwamba baba hupiga simu kwa nadra."

Zamda akainamisha kichwa, akazungusha bangili yake. "Sentensi zetu hutumwa kwa wazazi kila Ijumaa. Baba ataisoma. Atalia."

"Watu wazima hulia, Zamda, kisha hunyamaza."

"Kule angani machozi hayaanguki, Anti. Aliniambia mwenyewe. Hujikusanya jichoni yakawa tone kubwa, mtu haoni kitu mpaka alifute kwa kitambaa." Akainua uso. "Sasa atafungaje nati?"

Tunu aliinuka, akaingia darasani kuchukua ubao wake wa amri, ule wa kuiagizia mashine. Hakuwahi kufikiri kwamba hesabu yake ingepanda hadi angani na kumchoma mtu akiwa kazini. Aliporudi aliupakata ubao huo, akafanya kazi kwa saa nzima huku Zamda akimshikia kifuniko chake. Aliifundisha Kipimamara kusikiliza kwanza "when", yaani msemaji anahesabu wakati gani, ndipo igawanye. Kisha akaongeza jambo la pili.

"Kuanzia leo," akamwambia, "hakuna sentensi ya mtoto itakayotoka hapa kabla mwenyewe hajasema itoke. Yako, na ya Njiku pia."

"Hata ile ya uso?"

"Hata ile ya uso."

Kamati ilifika saa nne kamili, watu watano, wakiongozwa na mama mmoja mwenye miwani aitwaye Bi Salanga, ambaye alitazama kila kitu kana kwamba alikwisha kukiona mahali pengine kikiwa kibaya zaidi. Watoto walisimama mmoja mmoja. Shanga ziliwaka, uzi ukageuka kijani, na kwa mtoto wa kumi Bi Salanga alikuwa ameacha kuandika, anatazama tu, mdomo wazi. Zamda akaitwa mwisho, na maneno manne ya kwanza yakapita upesi.

"When my father calls," akasema polepole, "he always talks to me."

Mwanga ukakimbia juu ya uzi bila kusita, shanga zote mia, darasa likang'aa. Tunu akapumua. Kipimamara ikauliza iwapo Zamda yuko tayari kwa neno la rarely, naye akaitikia kwa kichwa.

"But he rarely calls."

Shanga nne. Zikawaka, zikatulia pale, na zile tisini na sita zikabaki giza. Njiku, ambaye hucheka hata mtu akipiga chafya, hakucheka. Bi Salanga alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Ndipo uzi ukageuka kijani, na Mwalimu Shango akasema, "Sahihi," kwa sauti ya chini sana.

Mashine ilikubaliwa. Wakati kamati ikipeana mikono, Tunu alichuchumaa mbele ya Zamda. "Za kwako nizitume, au zibaki?"

Mtoto alifikiri. "Tuma zote mbili. Ila ile ya always itangulie."

Jibu lilifika Jumatano iliyofuata, katikati ya somo. Mzazi aliruhusiwa kujibu kwa sentensi moja, na baba Zamda, ambaye Kiingereza alikisoma zamani kwa chaki ya watu kama Mwalimu Shango, aliandika kwa herufi kubwa: "Always I miss you."

Kipimamara ikaiandika sentensi hewani, ikaliwekea neno la kwanza rangi nyekundu. Lilikaa pasipo pake. Kwa mazoea ya miaka thelathini na moja, Mwalimu Shango akanyoosha kidole kulisogeza katikati.

"Mwalimu, tafadhali usilihamishe," akasema Zamda.

Mwalimu akauondoa mkono, akaurudisha mfukoni. Kipimamara ikatandaza uzi wake, ikasubiri, na hakuna kilichowaka.

"Sina bangili ya baba yako," ikasema. "Jambo hili siwezi kulihesabu."

Zamda akavuta kiti, akapanda juu yake, akagusa ushanga wa kwanza kwa kidole. Ukawaka. Akagusa wa pili. Alipofika wa tano Njiku akaanza kuhesabu kwa sauti, wa kumi darasa zima lilikuwa likihesabu naye. Mwalimu alikisogeza kiti kidogokidogo kuelekea kulia, Tunu akiwa mlangoni amejiziba mdomo kwa kiganja. Walihesabu mpaka mia, na Zamda hakuruka hata mmoja.