Tairi Lililovishwa Gauni

Jumanne, tarehe kumi na tisa Agosti. Asubuhi ilikuwa na upepo mkavu na anga jeupe, na jua lilianza kuchoma kabla watu hawajamaliza chai.

Tairi la mbele lilipasuka katikati ya uwanda wa chumvi. Gari liliyumba, likatimua vumbi jeupe, likasimama limeinamia upande mmoja. Kwenye kiti cha nyuma mke wa dereva alitoa mguno mrefu, akauma pindo la shuka. Kidole tumbo kilimuuma tangu jana. Mganga wa zahanati alisema asubuhi hiyo afike hospitali ya ng'ambo ya uwanda siku hiyo hiyo apasuliwe, la sivyo kitapasukia tumboni. Tena asinywe kitu.

"Tumefika?" aliuliza.

"Bado. Nabadilisha tairi tu."

Simu hazikuwa na mtandao. Kila upande ilikuwa chumvi, na juu yake joto likicheza kama moshi.

Tairi la akiba lilikuwa chini ya bodi, limeshikwa na nati moja kubwa katikati. Lilikuwa limevaa gauni. Mama mkwe wake, fundi cherehani, alilishonea mfuko wa plastiki nzito gari lilipokuwa jipya, ili lisipate kutu, akaushona na mdomo kabisa. Marafiki wa dereva walicheka mpaka wakachoka. Yeye mwenyewe hakuwahi kuufumua aone ndani. Utafumuaje kazi ya mama mkwe?

Sasa alilala chali kwenye chumvi, akaukata uzi kwa kisu. Maji ya matope yakammwagikia kifuani. Yaliingia kupitia tundu la nati, safari baada ya safari, yakakosa pa kutokea. Ringi ilikuwa inamenyeka magamba mekundu. Nati ilikuwa imeshikana na bolti, donge moja la kutu.

Mama mkwe, aliyekuwa safarini nao, alichuchumaa kando ya gari, akachungulia. Aliona yote.

"Ni mimi," alisema.

"Mama, nipe spana kubwa."

Dereva alivuta. Spana ikateleza, ukingo wa bodi ukamchana kiganja. Mama mkwe akavua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga mkono kwa nguvu. Dereva akavuta tena. Nati haikusogea. Mle garini miguno ya mke wake ilizidi kufifia.

"Mungu wangu," dereva alisema chini chini, "sina ujanja mwingine."

Mama mkwe tayari alikuwa anapanda nyuma ya pikapu. Alikuwa amekuja na cherehani yake ili ashone akimwuguza binti yake, na dereva alikuwa amenung'unikia uzito wa mashine hiyo. Mama akarudi na kichupa cha mafuta ya cherehani.

"Yaingie kwanza," alisema akiyadondosha kwenye nati. "Usiyaharakishe."

"Muda hatuna, mama."

"Najua. Ni mwanangu yule."

Wakangoja. Mama mkwe alilowesha pindo la shuka kwa maji kidogo ya dumu, akampangusa binti yake midomo, huku akisali bila kutoa sauti. Kisha dereva akarudi chini ya gari, akaikaza spana kwenye nati, akaipiga teke kwa kisigino. Tena. Tena. Kiganja kilivuja damu, vumbi la chumvi likamjaa machoni. Nati ikalia kama mlango mbovu, ikazunguka. Tairi likaanguka, likamkosa mbavu kwa upana wa kidole.

Lilikuwa limekwisha upepo. Walilijaza kwa pampu ya mkono, wakapokezana, wakalifunga, wakaondoka. Lakini kutu ilikuwa imekula ukingo wa ringi, na upepo ukawa unatoroka polepole. Kila gari lilipoanza kuvuta upande, walisimama. Dereva alipiga pampu, mama mkwe akahesabu pumzi za binti yake.

"Baba watoto," mke alinong'ona safari moja, "hilo gauni limekwenda wapi?"

"Nimelivua."

"Hatimaye." Akajaribu kucheka, akashindwa.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipoona mnara wa maji wa hospitali. Waliingia getini tairi limelala, ringi ikikwaruza chini. Mlinzi na muuguzi wakambeba mgonjwa mbio.

Dereva na mama mkwe wakakaa kwenye benchi la varanda, weupe kwa chumvi. Mlinzi aliwaletea maji. Hakuna aliyekunywa mpaka daktari alipotoka. Kidole tumbo kilikuwa bado hakijapasuka. Wamekitoa. Ataishi.

Mama mkwe alifunika uso kwa mikono yake yenye kutu. "Nilishona kaburi la mwanangu," alisema.

"Hapana, mama. Kosa ni la aliyeogopa kufumua." Dereva akasimama, akainua mkono uliofungwa kitambaa, mbele ya daktari, muuguzi na mlinzi. "Nanyi mnisikie. Kila mwisho wa mwezi nitalishusha tairi la akiba, nilioshe chumvi, nilikaushe, nati niipake grisi. Na mshono wowote utakaonizuia kuona nitaufumua, mama, hata ukiwa wako."